Sekunde Iliyofichwa Mguuni

Anayesafiri kwa pikipiki kutoka Buta kwenda Kisangani lazima auvuke mto Aruwimi pale Banalia, na hapo ndipo hesabu zake zote za safari huvurugika. Kutoka Banalia hadi Kisangani ni kama kilomita 128. Dereva akienda kwa wastani wa kilomita 40 kwa saa, atatumia saa 3 na dakika 12. Akijitia ushujaa na kuongeza mwendo hadi kilomita 45 kwa saa, atatumia saa 2 na dakika 51 hivi. Ameokoa dakika 21, na abiria wake ameumia mgongo. Lakini kama kivuko kiko ng'ambo kinangoja mzigo, saa nzima inaweza kupotea ukingoni, na pikipiki mpya itasimama sawasawa na ile kuukuu iliyo kando yake. Aliyekimbiza na aliyejiendea polepole wanakutana palepale majini, wanagawana karanga.

Nakiazima kivuko hicho kinisaidie kueleza jambo la mchezo mwingine kabisa. Huku kwetu ukisema mpira, umesema wa miguu, basi. Lakini simu zimeleta kila kitu, na kijana anayetazama vipande vya besiboli ya Marekani anaweza kuona jambo la ajabu. Mrushaji ambaye dakika tano zilizopita alikuwa akiinua mguu hadi kifuani kabla ya kutupa mpira, ghafla ameacha. Sasa anaupitisha mguu karibu na ardhi, kama mtu anayekiuka mfereji mdogo, na mpira umeshatoka. Amechoka? La. Nyuma yake kuna mwizi. Kwa nini mguu ushushwe kwa sababu ya mwizi? Hapo inabidi tuanze mbali kidogo, kwenye mraba.

Uwanja wa besiboli ni mraba uliosimamishwa kwenye pembe yake moja. Kila pembe ina kituo kinachoitwa besi. Pembe ya chini ni nyumbani, anaposimama mpigaji na gongo lake. Ukitoka hapo na kuzunguka kinyume cha mishale ya saa, utapita besi ya kwanza, ya pili, ya tatu, kisha utarudi nyumbani, na timu yako itaandikiwa pointi moja. Kutoka besi hadi besi ni mita 27.43. Ndani ya mraba, juu ya kichuguu kidogo cha udongo, anasimama mrushaji, mita 18.44 kutoka nyumbani. Nyuma ya mpigaji amechuchumaa mdakaji, mwenye glovu nene na kinga ya vyuma usoni. Kazi yake ni kuupokea kila mpira ambao gongo limeukosa au limeuacha upite.

Umbali mmoja zaidi tunauhitaji: kutoka kwa mdakaji hadi besi ya pili. Huo ni mstari unaokata mraba kutoka pembe hadi pembe, na wale waliokaa darasani siku ya Pythagoras wataupata bila kwenda na utepe: 27.43 mara 1.414, yaani karibu mita 38.8. Kwa macho yaliyozoea mpira wa miguu, eneo la penalti lina kina cha mita 16.5 na upana wa mita 40.32. Kwa hiyo mrushaji wa besiboli hutupa mpira umbali unaozidi kidogo kina cha eneo la penalti. Mdakaji akitaka kumkamata mwizi, hutupa karibu upana wake wote, tena akiwa ndiyo kwanza anainuka kutoka kuchuchumaa. Kama mistari ya chokaa bado inaonekana kwenye uwanja wenu, nenda ukasimame pale upime kwa macho. Upana ule si mdogo.

Sasa mwizi. Mkimbiaji aliyekwisha kufika besi ya kwanza halazimiki kungoja mwenzake apige mpira ndipo asogee. Anaruhusiwa kuchomoka na kukimbilia ya pili mrushaji anapoanza kutupa. Huko ndiko kuiba besi, na ni wizi halali, wa hadharani, unaoshangiliwa. Akiigusa besi ya pili kabla mlinzi mwenye mpira hajamgusa, amesalimika. Akiguswa kwanza, anatoka nje. Naye haanzii kwenye besi yenyewe. Hujisogeza pembeni kidogo kidogo kama mbuzi anayeelekea shamba la mtu, hadi mita 3 na nusu au 4 hivi. Tukisema amesogea mita 3.7, zimebaki mita 23.7 za kukimbia.

Hapa fizikia inaanza, na ni ile ile iliyoandikwa ubaoni kwa Kifaransa darasani: mwendo ni umbali gawanya kwa muda. Ila leo tunautafuta muda, na tunautafuta katika minyororo miwili inayoanza kwa wakati mmoja.

Mnyororo wa kwanza ni wa mpira. Mrushaji anaanza kutikisika, mpira unaruka, unatua kwenye glovu ya mdakaji. Kwa mrushaji wa kawaida wa ligi kuu ya Marekani, mkimbiaji akiwa kwenye besi, kipande hiki huchukua kama sekunde 1.3. Kisha mdakaji anaupokea, anautoa kwenye glovu, anasimama, anaurusha, nao unatua mikononi mwa mlinzi wa besi ya pili: wastani ni sekunde 2.0. Jumla ni 3.3. Mlinzi bado anahitaji kuishusha glovu amguse mtu, lakini kipande hicho tukiache.

Mnyororo wa pili ni wa miguu ya mwizi. Anaona, anageuka, anakimbia, anajitupa chini na kuteleza. Kwa wengi ni sekunde 3.3 hadi 3.5.

Ziangalie hizo namba mbili zilivyokaribiana. Aliyeupanga mchezo hadi ukafika ukingoni namna hiyo sijui nimshukuru vipi, maana mita 27.43 zilipangwa karne ya 19 na watu wasiokuwa na saa za kupima mia ya sekunde. Ili uone ukali wake, mchukue Usain Bolt usiku ule wa Berlin, Agosti 2009, alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.58. Vipimo vya mbio zile vinaonyesha alipita mita 20 kwenye sekunde 2.88, na mita 30 kwenye 3.78. Mita 23.7 basi alizipita kwenye sekunde 3.2 hivi. Huyo ndiye binadamu mwenye kasi kuliko wote waliopimwa, ana viatu vya misumari na vibao vya kusukumia miguu, na bado mpira wa sekunde 3.3 anautangulia kwa sehemu moja tu ya kumi ya sekunde. Mpe mrushaji wa sekunde 1.2 na mdakaji wa sekunde 1.9, jumla 3.1, na Bolt mwenyewe anatoka nje akijifuta vumbi.

Kwa hiyo swali halali la mwanafunzi ni hili: katika ule mnyororo wa mpira, kiungo gani kinaweza kufupishwa? Watu wengi, hata wanaoujua mchezo, hutazama mkono wa mdakaji. Mwizi akifanikiwa, lawama humwangukia yeye, kwa sababu ndiye aliyeonekana akitupa na kuchelewa. Wengine husema mrushaji atupe kwa nguvu zaidi. Tuzipime hoja hizo moja moja, kwa penseli.

Anza na kasi ya mpira. Mrushaji hauachi mpira akiwa juu ya kichuguu palepale. Hatua yake ndefu na mkono ulionyooka humsogeza mbele karibu mita 1.8. Umbali wa kuruka unabaki kama mita 16.6. Mpira wa kilomita 150 kwa saa unaenda mita 41.7 kwa sekunde unapoachwa, lakini hewa huula njiani, ukifika umepungukiwa karibu sehemu ya kumi, hivyo wastani tuuweke mita 40. Gawanya: sekunde 0.415. Sasa chukua wa kilomita 135 kwa saa, wastani wake karibu mita 35.7 kwa sekunde. Gawanya: 0.465. Tofauti ni sekunde 0.05.

Kilomita 15 kwa saa ni tofauti kubwa mno katika mchezo huu. Inaweza kuwa ndiyo iliyopo kati ya mtu wa ligi kuu na kijana mwenye kipaji wa sekondari. Lakini kwa mwizi anayekimbia mita 8 kwa sekunde, sekunde 0.05 ni sentimita 40 tu, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi ncha ya kidole. Si bure, kwani besi nyingi hupotea au kuokolewa kwa kiasi hicho. Ila ni ile pikipiki iliyoongeza kilomita 5 kwa saa.

Mdakaji je? Katika sekunde zake 2.0, karibu 0.7 ni ya kuupokea mpira na kuutoa, na karibu 1.3 ni ya mpira kuruka zile mita 38.8. Akiongeza kilomita 5 kwa saa kwenye mtupo wake anapata kama sekunde 0.06. Akiifunza miguu yake isimame haraka, anapata labda 0.1. Wadakaji bora kabisa wa ligi kuu hushuka hadi 1.9 na kidogo chini yake. Kwa maneno mengine, kati ya mdakaji mzuri sana na wa kawaida kuna sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Umebaki mguu. Na mguu unataka jaribio, kwa sababu ukiutazama tu unadanganya.

Angusha chungwa kutoka nusu mita juu ya ardhi. Muda wa kuanguka unapatikana hivi: zidisha kimo kwa mbili, gawanya kwa 9.8 ambayo ndiyo mvuto wa dunia, kisha tafuta kipeuo cha pili. Nusu mita mara mbili ni 1. Gawanya kwa 9.8 ni 0.102, kipeuo chake ni 0.32. Chungwa limetumia sekunde 0.32. Ukilirusha juu kwa nguvu ya kulifikisha nusu mita tu, litapanda kwa 0.32 na kushuka kwa 0.32. Jumla 0.64. Uzito haumo kwenye hesabu hii popote: chungwa, jiwe, na mguu wa mwanamume wenye kilo kumi na ushei, vyote vinapanda na kushuka kwa ratiba moja.

Rudia kwa sentimita 10. Mara mbili ni 0.2, gawanya kwa 9.8 ni 0.0204, kipeuo ni 0.14. Kupanda na kushuka, 0.28.

Tofauti kati ya mguu ulioinuliwa nusu mita na ulioinuliwa sentimita 10 ni sekunde 0.36. Kwa mwizi wa mita 8 kwa sekunde, hizo ni mita 2.9. Linganisha na zile sentimita 40 za mpira wa kasi.

Najua mwalimu mkali atanisimamisha: mguu si chungwa. Una misuli, na misuli inaweza kuushusha haraka kuliko mvuto. Ni kweli, na ndiyo maana 0.36 naiita makadirio. Ila mrushaji hana sababu ya kuukandamiza mguu chini, maana mwili wake wote unaanguka kuelekea mbele, na mwili haushurutishwi na paja. Unaanguka kwa muda wake, na mguu unausubiri. Na uwanjani saa zinasema karibu hivyo hivyo. Wanaoinua mguu kikamilifu huufikisha mpira glovuni kwa sekunde 1.5 au 1.6. Wanaoupitisha chini huufikisha kwa 1.2, wachache kwa 1.1. Pengo la wadakaji ni sehemu moja ya kumi. La warushaji ni tatu, nne, hata tano. Kivuko kiko hapo. Nikiulizwa mimi, besi nyingi zinazoandikwa kwenye daftari la mdakaji zilipaswa kuandikwa kwenye la mrushaji.

Basi kwa nini wasishushe mguu siku zote, mwizi awepo asiwepo?

Simama kwenye mtumbwi unaoingia ukingoni Aruwimi, usishike chochote. Pua ya mtumbwi ikigota matopeni, miguu yako inasimama pamoja na mtumbwi, lakini kiwiliwili kinaendelea na safari. Ukiwa huna bahati, kinakwenda nacho kichwa hadi majini. Mrushaji hujifanyia tukio hilo kwa makusudi. Mwili wa kilo 80 unaosogea mbele mita 2.5 kwa sekunde umebeba nishati ya jouli 250. Mguu wa mbele unakanyaga na kugota; nyonga zinasimama, nishati inahamia kiunoni, kutoka kiunoni inapanda begani, kutoka begani inaingia mkononi, na kila inapopita inakuta kitu chepesi zaidi, kwa hiyo kila kinachofuata kinakwenda kasi zaidi. Mwisho kabisa kuna mpira wa gramu 145. Kuupeleka mita 40 kwa sekunde kunahitaji jouli 116. Mkono peke yake hauna uwezo huo bila kuumia. Kule kuinua mguu ndiko kunakoupa mwili nafasi ya kuegemea na kuanza kuanguka kabla ya kugota. Ukiukata bila kujifunza njia nyingine, umempokonya mwizi mita zake tatu na ukampa mpigaji mpira laini wa kuupiga hadi nje ya uzio. Ni biashara mbaya.

Njia nyingine ipo, na akina mama wanaijua kuliko makocha. Anayepika sombe hangojei maji yachemke ndipo aanze kutwanga majani. Maji yako motoni, kinu kinalia, maharage yanachambuliwa na mtoto kibarazani. Kazi zinazofuatana hujumlishwa. Zinazokwenda pamoja hazijumlishwi, unahesabu ile ndefu tu. Mrushaji wa sekunde 1.2 asiyepoteza kasi hafanyi kila kitu haraka haraka. Ameziweka kazi pamoja. Mguu unapopanda, nyonga zimeshaanza kwenda mbele. Mkono umeshatoka kwenye glovu. Mguu unapotua, kila kitu kipo mahali pake. Asiyejua huinua kwanza, akasimama kidogo kwa mguu mmoja kama korongo, ndipo akaanza kwenda. Kule kusimama kama korongo ni muda mtupu; haukuongeza nishati hata jouli moja.

Tumeufinya mnyororo wa mpira. Lakini kumbuka iko miwili, na mrushaji anaweza pia kuurefusha ule wa mwizi bila kumgusa.

Mwombe mwenzako ashike rula wima, wewe weka vidole wazi chini yake, aiachie bila kukuambia. Watu wengi huidaka ikiwa imeshuka kama sentimita 20. Ile hesabu ya chungwa inasema sentimita 20 ni sekunde 0.2. Huo ndio muda kati ya jicho kuona na vidole kutii. Sasa mwambie ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, aachie kwenye tatu kila mara. Utaidaka karibu na juu kabisa, kwa sababu huitazami tena, umeisoma. Mwishowe mwambie akitaka aachie, akitaka aseme tu asiachie. Vidole vitakuwa vizito kuliko mara ya kwanza.

Mwizi yuko katika hali hiyo hiyo. Anatazama kisigino na goti la mrushaji, anatafuta dalili ya kwanza. Mrushaji anayehesabu moja mbili tatu kila mara amemwachia mlango wazi, hata kama mguu wake ni wa 1.2, kwa sababu mwizi ataondoka kwenye tatu, si baada yake. Anayebadilisha, mara sekunde moja, mara nne, mara anageuka na kuutupa mpira besi ya kwanza, anamfanya mwizi aegemee nyuma. Sheria inamzuia jambo moja: akishaanza kwenda nyumbani haruhusiwi kughairi. Akighairi, mwamuzi humpa mkimbiaji besi ya bure. Anayetumia mkono wa kushoto ana neema yake ya kuzaliwa, maana anasimama akimtazama mtu wa besi ya kwanza usoni.

Mwaka 2023 ligi kuu ya Marekani ilifanya, bila kukusudia, jaribio zuri la kisayansi juu ya jambo hili. Iliongeza ukubwa wa besi, hivyo umbali wa kwanza hadi pili ukapungua sentimita 11.4. Ikaweka saa: mrushaji aanze kutupa ndani ya sekunde 20 mkimbiaji akiwa kwenye besi. Ikamwekea kikomo cha kujitoa kichuguuni au kutupa besi ya kwanza mara mbili kwa kila mpigaji. Ya tatu isipomkamata mkimbiaji, anasogezwa mbele besi moja. Besi zilizoibwa zikaruka kutoka 2,486 mwaka 2022 hadi 3,503, na zaidi ya wezi 80 kati ya kila 100 walifanikiwa. Magazeti mengi yalizungumzia besi kubwa. Piga hesabu mwenyewe: sentimita 11.4 kwa mita 8 kwa sekunde ni sekunde 0.014. Haiwezekani hiyo peke yake ikaleta mafuriko yale. Kilichobadilika ni rula: mrushaji alilazimishwa kuhesabu kwa sauti, na akanyimwa ule uhuru wa kusema tu asiachie.

Karibu yetu nchi inayoujua mchezo huu ni Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walishinda nafasi ya kwenda michuano ya dunia ya watoto, Little League, lakini wakanyimwa viza ya Marekani. Mwaka uliofuata watoto wa Lugazi walifika Pennsylvania, timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza pale, na wakaifunga timu ya Gresham ya Oregon 3-2. Tangu hapo vilabu vya Marekani vimekuja kuchukua warushaji: Ben Serunkuma alisajiliwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2022, David Matoma na Pittsburgh Pirates. Dennis Kasumba, mdakaji aliyejulikana dunia nzima kwa video za mazoezi yake na vifaa vya kujitengenezea, alicheza na Frederick Keys huko Maryland mwaka 2023.

Ila kuna jambo moja kuhusu wale watoto wa Lugazi ambalo wanaowasifu husahau. Katika Little League ya watoto hadi miaka 12, besi ziko mita 18.29 tu, mrushaji yuko mita 14.02, na mkimbiaji haruhusiwi kuiacha besi hadi mpira umfikie mpigaji. Yaani saa ya mwizi inaanza mpira ukiwa tayari umefika. Mguu wa mrushaji haumo kwenye mnyororo kabisa. Mtoto anaweza kuuinua hadi sikioni na asiibiwe hata sentimita. Kisha anatimiza miaka 13 au 14, anapelekwa uwanja mkubwa, sheria inabadilika, na mguu ule ule mzuri uliopigiwa makofi unaanza kumtoza sehemu nne za kumi za sekunde kwa kila mpira. Hakuna aliyemwambia kwamba saa imehamishwa. Kocha wa Afrika Mashariki anayepokea mtoto wa umri huo angemsaidia zaidi kwa kumrekebisha mwendo wa nyonga kuliko kumtafutia kilomita mbili za kasi.

Ukitaka kuyaona haya bila kwenda Kampala, unahitaji watu watatu, chungwa gumu, na simu yenye saa ya kubonyeza. Pima hatua 18 ndefu uwanjani. Mmoja atupe, mmoja adake kwa mikono miwili, wewe simama pembeni. Pima mara kumi mguu ukiinuliwa juu, mara kumi ukipitishwa chini, na uchukue wastani, maana kidole chako nacho kina ile 0.2 yake. Bonyeza mguu unapoanza kutoka ardhini, usingoje chungwa litoke mkononi. Anayeanza kuhesabu chungwa linapotoka mkononi atapata karibu namba ile ile mara zote ishirini.